Betri Niliyoazimisha

Mteja akiniletea gari la kulala siku hizi, kabla sijashika hata bisibisi, nauliza betri ya nyuma iko wapi. Wengi hukasirika. Juzi bwana mmoja wa Milimani, mwenye gari kubwa lenye jiko na choo ndani, aliniambia mimi si fundi, mimi ni polisi. Konvata yake ya kugeuza stima inafanya kazi, taa zinawaka, betri ya nini tena? Nikamwambia bila betri siligusi, alipeleke kwingine. Akaondoka akisonya. Aende salama. Nimekuwa fundi wa waya za magari hapa Kisumu kwa zaidi ya miaka ishirini, na ujeuri ninao wa kutosha, lakini katika hili si ujeuri. Ni ndugu yangu.

Tulizaliwa wawili tu, mimi kwanza, yeye baadaye. Kwa miaka mingi aliendesha magari ya watalii, leo Mara, kesho Baringo, na kampuni yake ilipofungwa alinunua gari moja kuukuu ambalo wageni walikuwa wakilalia porini. Lilikuwa na kitanda, sinki, friji ndogo na viti vya mbele vinavyogeuka kutazama nyuma. Alilipenda kupita kiasi. Kisha mapafu yakamharibikia. Alikuwa ameugua kifua kikuu zamani, akapona, lakini kiliacha makovu ndani na makovu yakaendelea kumbana mwaka baada ya mwaka. Mkewe alikuwa ameshakwenda zake kabla ya hapo. Daktari akasema sasa atahitaji oksijeni mchana na usiku, na akae mahali penye mtu wa kumwangalia. Mtu huyo alikuwa mama, na mama yuko Asembo Bay.

Sasa hapo ndipo aibu yangu inapoanzia. Kwetu mdogo hajengi kabla mkubwa hajajenga, na mwanamume mzima halali chini ya paa la mama yake. Mkubwa ni mimi, na mimi nilikuwa sijajenga. Kila Desemba nilisema mwaka ujao, na mwaka ujao ukifika nilikuwa na sababu nyingine. Nilikuwa na nyumba ya kupanga mjini na kazi nyingi, na kusema kweli sikupenda kijiji. Kwa hiyo ndugu yangu, mgonjwa vile, hakuwa na pa kulala kwao kwa sababu ya uvivu wangu. Hakunilaumu hata siku moja. Alilileta gari lake, akaliegesha hatua chache kutoka mlango wa mama, akatandika kitanda.

Wazee wa ukoo walikuja kulikagua. Baba mdogo wetu mmoja, mtu wa maneno machache, alipiga magoti kwenye nyasi, akachungulia chini ya gari, akahesabu magurudumu.

"Hii si nyumba," akasema. "Hii ni gari imepumzika."

Watu wakacheka na jambo likapita. Walitoa sharti moja tu, kwamba magurudumu yasitolewe.

Mashine ya oksijeni aliletewa na watu wa kanisa. Ilikuwa imetumika Marekani, ndogo, ukubwa wa begi la shule. Inavuta hewa hii hii ya kawaida, inaichuja, na oksijeni inatoka kwa mrija mwembamba unaoingia puani. Chaja yake ya ukutani iliungua wiki ya kwanza, maana stima ya kule ikipotea hurudi kwa hasira. Ikabaki kebo ya gari, ile ya kuchomeka kwenye soketi ya sigara. Kumbe mashine inaweza kuishi kwa volti kumi na mbili za gari. Nikasema, haya, hiyo ndiyo kazi yangu, hapo hakuna wa kunifundisha.

Chini ya kitanda cha gari lile kulikuwa na sanduku zito la chuma, konvata. Kazi yake ni kuchukua stima ya nyumba, zile volti mia mbili arobaini zinazoweza kuua mtu, na kuzigeuza kuwa volti kumi na mbili. Nilivuta waya kutoka nyumba ya mama, nikaufunga kwenye konvata, kisha nikaweka betri kubwa kando yake. Stima ikiwepo, konvata inalisha mashine na kuchaji betri. Stima ikipotea, betri inashika zamu. Mbele kulikuwa na betri nyingine, ya injini, yenye soketi yake kwenye dashibodi. Hiyo nilimkataza kabisa.

"Omera, ndugu yangu, hiyo usiiguse," nilimwambia. "Hiyo ni ya kuwasha gari siku ukizidiwa. Ukiimaliza nitakusukuma mpaka Kisumu?"

Alicheka mpaka akakohoa, na alipokohoa nilijuta kumchekesha. Bila mashine hakuwa na muda mrefu. Mama aliwahi kuizima kwa bahati mbaya akifagia, na kabla hajamaliza kufagia midomo ya ndugu yangu ilikuwa imegeuka rangi. Tulijua sote kwamba pumzi yake iko ndani ya ile kebo. Lakini miezi saba ilikwenda vizuri. Nilikuwa nikifika kila Jumamosi na mkate na betri za tochi, nakagua nati, nasafisha kutu, tunasikiliza mpira kwenye redio ya gari. Nilijivunia kazi ile kuliko kazi yoyote niliyowahi kufanya.

Kisha mzee wa boma la jirani akafa. Alikuwa mtu mkubwa pale, na siku ya mazishi watu walijaa tangu asubuhi, magari yamepangwa mpaka barabarani. Nilikuwa nimeshafika. Ilipokaribia saa nne akaja mtoto wa marehemu, mwalimu, mtu mzima mwenye mvi kunizidi, pamoja na wanaume wawili. Jasho lilikuwa likimtoka.

"Ndugu yangu, tumekwama," akaniambia. "Genereta imekataa. Mhubiri amefika, wakwe wamefika, spika haina kitu. Tumesikia mko na betri kubwa. Mpaka tuzike tu, bwana."

Boma lao halikuwa na stima, na waya wa kufika kule hatukuwa nao. Kipaza sauti chao kilitumia betri ya gari, na magari yalikuwa mengi, lakini nani angetoa betri ya gari lake akiwa na safari ya kurudi Nairobi jioni? Tena kwetu humnyimi mtu kitu cha matanga. Jembe unaweza kumnyima, hata ng'ombe wa kulima. Lakini kiti, sufuria, turubai, chochote kinachoombwa kwa ajili ya maiti, utakitoa, na utakitoa ukiwa na uso mzuri. Ukikataa, siku yako nani atakuja? Na si mimi ningebaki pale nikitazamwa kwa jicho baya, ni mama.

Nikamwangalia ndugu yangu. Alikuwa amekaa kitandani, mrija puani, shati lake jeupe la Jumapili amelivaa ingawa alijua hatakwenda.

"Wape," akasema. Kisha akaniuliza polepole, "Na stima ikipotea?"

Swali zuri, na nilikuwa na jibu. Mashine ilikuwa na betri yake ndogo ndani, ya saa mbili. Stima ikipotea spika ya jirani haitajua, lakini mimi nitajua, maana friji ya soda ya duka lililo pale njiani itanyamaza, na boma la jirani liko umbali wa kurusha jiwe. Nilifikiria kupotea kwa stima na hilo tu. Stima yenyewe siku ile haikupotea hata dakika moja.

Nikafungua nati mbili, nikawapa betri. Nikachukua mita yangu, ile nzuri ambayo siwaazimi mafundi wenzangu, nikapima waya wa konvata. Kumi na tatu nukta mbili. Nikamgeuzia kioo aone.

"Umeona? Hata haijui betri imeondoka."

Redio ikaanza kuvuma, mvumo mzito chini ya sauti ya mtangazaji. Ndugu yangu akakunja uso. "Hiyo redio inalia nini?"

"Stesheni yao mbovu," nikasema, nikaizima.

Mashine nayo ikatoa mlio, na taa ndogo ya rangi ya chungwa ikawaka. Ilikuwa na tabia hiyo kichujio kikishika vumbi, na siku ile vumbi la magari lilikuwa kila mahali. Nikabonyeza kitufe cha kuinyamazisha. Oksijeni ilikuwa inatoka, niliisikia kwa kidole. Yawa, jamani, ukiniuliza leo ni nini ningerudisha maishani mwangu, ningerudisha ile sekunde tu.

"Nenda bwana," ndugu yangu akasema. "Ukinikalia hapa watasema ni sisi tuliomroga mzee wa watu."

Nikaenda. Mama alikuwa ameshatangulia, amekaa na wanawake, na mimi nikapata kiti safu ya nyuma yake. Spika ilitoka safi kabisa. Watu walioketi karibu nami waliuliza betri ni ya nani, na nilijibu, tena si kwa sauti ya chini. Walisema maneno watoto, wakasema wakwe, akasema mwakilishi wa kila chama ambacho marehemu aliwahi kukaribia. Kila mmoja alisema ana neno moja tu, na kila mmoja alikaa nalo nusu saa.

Mkwe mmoja alikuwa kwenye kipaza sauti niliposikia honi. Ilikuwa ndefu. Ikanyamaza, ikalia tena, ndefu, na mara ya tatu fupi. Nilikasirika. Nikasema kwa sauti, na watu wakasikia, "Ni nani huyu asiye na adabu anapiga honi matangani?" Mama aligeuka, akanitazama, akaanza kuinuka.

"Kaa, mama," nikamwambia. "Ni wageni wanataka njia."

Akakaa. Mkwe akaendelea.

Tulimaliza kuzika karibu saa tisa. Nilirudi nyumbani kwa haraka, lakini haikuwa haraka ya wasiwasi. Nilitaka kumwambia jinsi spika ilivyosikika. Kitandani hakuwepo. Nilimkuta mbele, kwenye kiti cha dereva, paji la uso limeegemea usukani. Alikuwa ameibeba mashine mwenyewe mpaka kule, ameiweka kwenye kiti cha pili, kebo ameichomeka kwenye ile soketi niliyomkataza. Mashine ilikuwa imezimika na inanuka plastiki iliyoungua. Kucha zake zilikuwa zambarau. Alikuwa anapumua bado, kidogo kidogo, kwa mabega.

Nililia nikimvuta kwenda kiti cha pili, na nililia nikiwasha gari. Liliwaka mara moja. Mama alikaa nyuma akimshika kichwa. Kituo cha afya cha karibu walikuwa na mtungi, wakamwekea, na kutoka hapo tukaenda Kisumu, nikiendesha ile nyumba yetu barabarani huku vikombe vikianguka kabatini. Waya niliovuta kutoka kwa mama ulikatika getini na sikusimama.

Hospitali walimpokea. Akawekwa kwenye oksijeni ya ukutani, akafungua macho usiku ule, akatutambua. Daktari alitueleza wazi kwamba amechoka sana, na kwamba hata akipata nafuu hawezi kutoka wodini bila mashine ya nyumbani. Nikashika hilo neno, mashine. Nilidhani nikiitengeneza mashine nitakuwa nimemtengeneza yeye.

Asubuhi nikaipeleka kwa mzee mmoja anayetengeneza redio na runinga nyuma ya soko. Ni Mwislamu, mzaliwa wa Kisumu, babu yake alikuja na reli kutoka pwani, na hapa mjini hakuna anayemshinda kwa mambo ya vifaa vidogo. Nilikuwa nimebeba na konvata. Aliifungua mashine, akaichungulia kwa lenzi yake, akatikisa kichwa.

"Imekula umeme mchafu," akasema.

Nikawaka. Nikamwambia mimi ni fundi, nilipima mwenyewe, ilikuwa kumi na tatu nukta mbili. Hakubishana. Aliiweka konvata mezani, akaichomeka ukutani, akaifunga balbu moja ya gari. Ikawaka vizuri. Akapima kwa mita. Kumi na tatu.

"Hivyo ndivyo ulivyoona?"

"Hivyo."

"Sasa tazama, mwanangu." Akazungusha kitufe cha mita mpaka upande wa stima ya ukutani, ule ambao mimi sijawahi kuutumia kwenye waya wa gari maishani mwangu, kwani gari lina stima ya ukutani wapi? Namba zikaruka. Sita na kitu. Kisha akavuta betri yake kuukuu kutoka chini ya meza, akaifunga pale pale bila kubadilisha kingine. Namba zikaanguka, karibu sifuri.

Akanieleza taratibu, kama mtu anayemweleza mfiwa. Konvata za zamani kama ile hazitoi umeme uliotulia. Unatoka kwa mapigo, unapanda hadi ishirini, unashuka hadi sifuri, mara mia moja kila sekunde. Mita inachukua wastani na kukwambia kumi na tatu. Balbu haijali, inawaka tu. Lakini kifaa chenye akili ndani yake kinaumia.

"Una tangi la maji kwako?" akaniuliza.

"Ninalo."

"Mfereji unakohoa, unatema hewa, unatema maji. Wewe bafuni hujui, kwa sababu tangi limepokea na kutuliza. Hapa tangi ni betri. Aliyetengeneza sanduku hili alijua betri itakuwepo daima. Ulipoitoa, ile mashine ilikataa umeme huo kwanza, ndiyo maana ililia. Ikaanza kula betri yake ya ndani mpaka ikaisha. Halafu ikapigwa mpaka ikaungua."

Saa mbili. Nikapiga hesabu palepale, tangu saa nne nilipofungua nati. Mkwe alikuwa anaongea. Mvumo wa redio ulikuwa ndio huo umeme wenyewe, ukinieleza, nikauzima. Nilimuuliza mzee kama mashine inaweza kupona. Akasema hapana, akafunga vifuniko vyote vizuri, skrubu kwa skrubu, akanirudishia mikononi. Nilikaa kwenye benchi lake muda mrefu na hakuniambia niondoke.

Nilirudi wodini nimeamua kumwambia ndugu yangu kila kitu. Mama alikuwa upande wa pili wa kitanda, anakunja shati lake jeupe. Nikaanza. Nikamwambia ni mimi, si mashine, ni betri niliyotoa, nikamweleza mapigo na wastani na mita. Alinisikiliza kwa subira kidogo, kisha akainua mkono nisiendelee. Aliongea neno, akapumzika, akaongea jingine.

"Achana na mambo ya umeme. Hata mimi nilisema wape." Akavuta pumzi. "Nilipiga honi."

Nikavuta shuka nikamfunika miguu.

"Mara tatu. Mlisikia?"

Alikuwa ananiangalia usoni. Hakuwa na hasira. Alitaka tu kujua.

"Hapana," nikasema.

Akamgeukia mama. Mama aliendelea kukunja shati, akalikunja mpaka likawa dogo sana.

"Spika ilikuwa juu, mwanangu," akasema. "Hatukusikia kitu."

"Nilijua," akasema, na uso wake ukatulia kabisa. "Mngesikia mngekuja."

Alifariki siku ya pili yake asubuhi, mimi nikiwa nimemshika mguu. Mama na mimi hatujawahi kuizungumzia honi ile.